Kipimo kimoja au kipimo kipya? Uchambuzi wa kisa cha mita, Ufaransa 1789–1840

Kisa kwa ufupi

Mwaka 1789 Wafaransa walitakiwa kuandika malalamiko yao, parokia kwa parokia, kabla ya mkutano mkuu wa taifa kule Versailles. Katika madaftari yao ombi moja lilijirudia mkoa baada ya mkoa: mfalme mmoja, sheria moja, mizani moja, kipimo kimoja. Miaka 51 baadaye, tarehe 1 Januari 1840, mita na kilo zikawa vipimo pekee halali nchini. Katikati ya tarehe hizo mbili serikali ilibadili vipimo, ikalegeza, ikarudi nyuma, kisha ikakaza upya. Ilijaribu kubadili hata saa, na jaribio hilo halikumaliza miezi saba.

Hoja ya uchambuzi huu ni moja. Watu waliomba kipimo kiwe kimoja. Wataalamu wakawapa kipimo kilicho kipya. Sehemu kubwa ya yaliyoharibika iliingia katika pengo hilo. Wanaotajwa kwa majina ni wale tu waliomo katika kumbukumbu za umma. Wakulima, wauza duka na maofisa wa vijiji wanabaki bila majina.

Usuli: pishi la bwana

Inakadiriwa kwamba Ufaransa ya kabla ya mapinduzi ilikuwa na majina ya vipimo kama 800, na kwa kuwa jina lile lile lilibeba kiasi tofauti kila mji, vipimo halisi vilikaribia 250,000. Paris yenyewe ilikuwa na futi ya mfalme, sentimita 32.48, yenye inchi 12, na kila inchi ligne 12. Futi 6 zilifanya toise moja, yaani mita 1.949. Kitambaa kiliuzwa kwa aune, mita 1.188 hivi. Ratili ya Paris, livre, ilikuwa gramu 489.5. Ukitoka mjini siku mbili tu kwa mguu, majina ni yale yale lakini urefu na uzito ni mwingine.

Msomaji aliyezoea debe, sado au gorogoro ataona haraka kwamba tofauti ya ukubwa wa chombo si shida kubwa. Wenyeji hujuana na vyombo vyao. Shida ni nani anashika chombo na anakijaza vipi. Ufaransa haki ya kutunza kipimo cha nafaka ilikuwa ya bwana wa ardhi, na kodi ililipwa kwa nafaka. Bwana alipopokea, chombo kilijazwa kwa chungu. Alipouza, kilifutwa kwa ubao. Nafaka iliyomiminwa kutoka usawa wa bega hujishindilia, na kwa chombo kile kile ikaingia nyingi zaidi.

Hila kubwa zaidi ilikuwa katika umbo la chombo. Chukua boisseau ya Paris, chombo cha kupimia nafaka cha lita 13, na ngano inayosimama kwa mwinamo wa nyuzi 25 hivi inapolundikwa. Chombo chenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 30 hubeba chungu chenye kimo cha sentimita 7, sawa na lita 1.65 za ziada, asilimia 13 hivi. Chombo cha lita 13 vile vile, kilichofupishwa na kutanuliwa mdomo hadi sentimita 40, hubeba chungu cha sentimita 9.3: lita 3.9 za ziada, asilimia 30. Ujazo wa kisheria haujaguswa, ila mkulima amepoteza zaidi ya mara mbili ya alichokuwa akipoteza. Hii ndiyo hesabu ya lumbesa, na mkulima wa vitunguu au viazi Tanzania hahitaji kufafanuliwa. Gunia lake lina jina la kisheria, lakini kichwa kilichoshonewa juu hakina jina wala bei.

Kwa hiyo ombi la 1789 lilikuwa la haki kabla ya kuwa la hesabu. Usiku wa 4 Agosti 1789 Bunge lilifuta haki za kikabaila, na haki ya mabwana juu ya vipimo ikaenda nazo. Ikabaki kazi ya kuamua kipi kishike nafasi yake.

Uamuzi wa kwanza: kutochagua kipimo cha Paris

Njia rahisi ilikuwepo: kutangaza futi na ratili ya Paris kuwa za nchi nzima. Vilikuwa na mfano wa metali uliotunzwa, vilijulikana na mafundi, na wafanyabiashara wakubwa walishavitumia. Njia hiyo ilikataliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ilikuwa ni kipimo cha mfalme, na mikoa isingependa kumezwa na Paris. Pili, na hii ndiyo iliyowasukuma wanasayansi, walitaka kipimo kisicho cha taifa lolote, kipimo cha watu wote na nyakati zote.

Machi 1790 mbunge Talleyrand alipendekeza urefu wa timazi linalobembea mara moja kwa sekunde. Kamati ya Chuo cha Sayansi, wakiwemo Borda, Lagrange, Laplace, Monge na Condorcet, ililikataa pendekezo hilo mwaka uliofuata. Timazi hubadilika kwa nguvu ya uvutano, ambayo si sawa ikweta na nchani. Tena linategemea sekunde, kipimo kingine kilichotungwa na watu. Machi 1791 Bunge likapitisha kwamba mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta.

Sababu za kitaalamu zina uzito. Hata hivyo anayesoma maamuzi haya leo aone kilichopotea. Mkulima aliyeomba boisseau moja isiyo na chungu aliambiwa asubiri dunia ipimwe kwanza.

Jinsi mita ilivyotafutwa

Robo ya duara la dunia haipimiki kwa kamba. Walichagua kipande cha meridiani, yaani mstari wa kutoka ncha hadi ncha ya dunia, kuanzia Dunkerque hadi Barcelona, nyuzi 9 na nusu hivi, kwa kuwa ncha zake mbili ziko usawa wa bahari na katikati yake inapita latitudo ya 45. Mbinu ilikuwa ya pembetatu. Unapima upande mmoja tu ardhini kwa fimbo, kisha unapanda minara ya makanisa na vilele vya milima na kupima pembe. Ukiwa na upande mmoja na pembe zote, pande nyingine zote hutoka kwa hesabu. Zilihitajika pembetatu zaidi ya mia, na pande mbili za kupimwa ardhini, kila mmoja kama kilomita 12: mmoja karibu na Melun, wa pili karibu na Perpignan. Fimbo zilikuwa nne, za platini, kila moja toise 2, zikiwa na utepe wa shaba juu ili tofauti ya kutanuka kwa metali mbili ionyeshe joto.

Pembe zilipimwa kwa duara la kurudia la Borda. Chombo hicho huruhusu pembe ile ile ipimwe mara nyingi bila kurudisha kipimo sifuri. Jumla yake hugawanywa kwa idadi ya marudio. Kosa la jicho, ambalo leo huzidi na kesho hupungua, hufifia kwa namna hiyo. Kosa la chombo chenyewe, kwa mfano mhimili uliolegea, haliondoki hata urudie mara elfu, maana linavuta upande mmoja siku zote. Jambo hili litunzwe akilini.

Wanaastronomia wawili walipewa kazi hiyo: Delambre alikwenda kaskazini na Méchain kusini, Juni 1792, wakiwa na hati za kusafiria za mfalme Louis XVI. Agosti mfalme aliangushwa na hati zikageuka ushahidi dhidi yao. Septemba, huko Saint-Denis karibu na Paris, Delambre alizuiwa na umati ulioshuku vioo na mirija yake, akalazimika kueleza kila kifaa hadharani. Alama zake za mbali zilikuwa za kitambaa cheupe ili zionekane. Nyeupe ilikuwa rangi ya wafalme, ikabidi aongeze mistari myekundu na ya bluu. Hakuna aliyekuwa amepanga kuwaeleza wanavijiji kwamba wale watu juu ya minara walikuwa wakitekeleza ombi la vijiji vyenyewe. Agosti 1793 Chuo cha Sayansi kilifutwa. Mwishoni mwa mwaka Delambre na Borda waliondolewa kwenye tume kwa kutoonekana wazalendo vya kutosha. Lavoisier, aliyeshiriki kutafuta kizio cha uzito, alikatwa kichwa tarehe 8 Mei 1794.

Kusini, Méchain alipima latitudo ya ngome ya Mont-Jouy, Barcelona, kwa nyota. Vita kati ya Ufaransa na Hispania vilimzuia kurudi ngomeni, akapima tena akiwa mjini. Majibu mawili hayakulingana: tofauti ilizidi sekunde 3 za pembe, yaani mita 100 hivi ardhini. Alirudia hesabu kwa miaka, hakupata kosa, akaficha. Alifariki 1804 kwa homa ya manjano huko Hispania, akijaribu kuurefusha mstari ili Barcelona isiwe tena ncha yake. Delambre aliligundua jambo hilo katika karatasi za marehemu. Mwaka 1828 uchambuzi mpya wa vipimo vile vile ulionyesha chanzo chake: mhimili wa chombo. Méchain alikuwa mpimaji hodari. Alikosa mahali pa kusema "majibu yangu hayalingani na sijui kwa nini" bila kuogopa kwamba taifa zima lingeporomokea juu yake.

Bunge halikungoja kazi iishe. Tarehe 1 Agosti 1793 lilitangaza mita ya muda, ligne 443.44, iliyotokana na vipimo vya zamani vya 1740. Sheria ya 7 Aprili 1795 ilitoa majina: mita, lita, gramu, pamoja na viambishi vya Kigiriki kwa kuzidisha na vya Kilatini kwa kugawa. Juni 1799, baada ya wataalamu kutoka Uholanzi, Uswisi, Denmark, Hispania na Italia kukagua hesabu, fimbo ya platini iliwekwa katika Hifadhi ya Nyaraka: ligne 443.296.

Saa ya desimali

Watu wale wale, kwa mantiki ile ile, waligawa siku. Kwa amri za Oktoba na Novemba 1793, siku ikawa na saa 10, saa dakika 100, dakika sekunde 100. Saa mpya ilikuwa sawa na dakika 144 za kawaida, na sekunde mpya 0.864 ya ile ya zamani. Ilipaswa kuwa lazima kuanzia 22 Septemba 1794. Sheria ya 7 Aprili 1795, ile ile iliyoipa mita majina, ikaisitisha.

Sababu zinaonekana bila kuchimba. Saa haikuwa kati ya malalamiko yaliyojirudia madaftarini: siku ilikuwa tayari na saa 24 kila mahali Ufaransa, kwa hiyo hakukuwa na dhuluma ya kutibu. Kila saa ya mnara na ya mfukoni ingebidi itengenezwe upya meno yake, na hayo ni mashine ya gharama, tofauti na kijiti cha mita. Waliotengeneza saa zenye nyuso mbili walizidisha tu mkanganyiko. Msemaji wa Kiswahili anayehesabu saa moja tangu jua kuchomoza anajua kwamba namna ya kuhesabu saa inaweza kuishi sambamba na nyingine karne nzima bila mtu kupunjwa. Boisseau mbili haziwezi.

Kalenda ya mapinduzi, yenye wiki za siku 10, ilidumu zaidi, hadi 1 Januari 1806, kwa kuwa ofisi za serikali ziliishikilia. Kwa mfanyakazi maana yake ilikuwa mapumziko 36 kwa mwaka badala ya Jumapili 52, na aliona mara moja nani kafaidika.

Sokoni: mambo yalivyokwenda vibaya

Mifano 16 ya mita, ya marumaru, iliwekwa kwenye kuta za Paris ili mpita njia alinganishe. Mmoja ungali mahali pake, mtaa wa rue de Vaugirard. Wazo lilikuwa zuri, na ni kati ya machache yaliyomlenga mnunuzi. Dukani kulikuwa na mengine.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kitambaa kilichouzwa sou 24 (sarafu ndogo ya Ufaransa) kwa aune kinapaswa kuwa sou 20.2 kwa mita. Muuzaji anaizungusha hadi 21, na bei imepanda kwa asilimia 4 bila kupanda. Mnunuzi asiyeweza kugawa kwa 1.188 hana njia ya kugundua. Condorcet alitumaini kwamba desimali ingemwezesha kila raia kukokotoa haki yake mwenyewe. Katika miaka ya mpito ilimpa silaha yule aliyekwisha kujua hesabu.

Kulikuwa pia na suala la theluthi na robo. Futi ya inchi 12 hugawanyika kwa 2, 3, 4 na 6. Kumi hugawanyika kwa 2 na 5 basi. Watunga sheria ya 1795 waliliona kwa kiasi, wakaruhusu kipimo cha maradufu na cha nusu kwa kila kipimo cha uzito na ujazo, lakini theluthi ya mita haina umbo zuri. Fundi seremala alihitaji theluthi kila siku.

Majina nayo yalikuwa mzigo. Novemba 1800 serikali iliruhusu majina ya zamani kwa vizio vipya, kilo ikaitwa livre. Hapo hali ikawa mbaya zaidi, kwani mtu aliyeomba livre hakujua kama anapewa gramu 489.5 au 1,000.

Kurudi nyuma, 1812

Amri ya Napoleon ya 12 Februari 1812 iliruhusu biashara ya rejareja itumie "vipimo vya kawaida": toise ya mita 2 kamili, futi ya theluthi ya mita, aune ya sentimita 120, livre ya gramu 500, boisseau ya moja ya nane ya hektolita. Shuleni na serikalini mita ilibaki.

Wengi huiita amri hiyo kushindwa. Upo upande mwingine: kila kipimo kati ya hivyo kilifungwa kwenye mita. Livre ilikua kwa asilimia 2 tu, kiasi ambacho mkono hauhisi, na kuanzia hapo ilikuwa nusu kilo kamili. Umoja uliingia kwa mlango wa nyuma. Gharama yake ni kwamba kwa miaka 28 nchi ilikuwa na mifumo mitatu kwa pamoja: desimali, vipimo vya kawaida, na vile vya zamani vijijini ambavyo havikuondoka kamwe.

Uholanzi inafaa kulinganishwa. Ilipojitenga na Ufaransa, mfalme Willem wa Kwanza alipitisha mfumo wa mita kwa sheria ya 1816 iliyoanza kazi 1820, kwa majina ya kienyeji: el ikawa mita, pond ikawa kilo. Desimali ilishika huko wakati Ufaransa ikiwa bado inasuasua.

Sheria ya 4 Julai 1837 ilimaliza mjadala. Ilitoa miaka miwili na nusu ya matayarisho, ikataja tarehe moja, ikapiga marufuku hata kutaja vipimo vingine kwenye hati na matangazo, na ikaweka faini. Wakati huo waliofundishwa mita shuleni tangu utoto walikuwa tayari wazazi na wenye maduka.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kuondoa kipimo mikononi mwa mwenye masilahi. Hilo lilipatikana 1789 kwa kura ya usiku mmoja, kabla ya mita kuwepo. Kama baada yake ungetangazwa ujazo mmoja, chombo chenye kipenyo kilichotajwa kisheria na nafaka kufutwa kwa ubao, ombi la vijiji lingekuwa limetimia karibu lote ndani ya miaka miwili. Kipenyo ndicho kipengele ninachokisisitiza: kutaja lita bila kutaja mdomo wa chombo ni kuacha lumbesa ndani ya sheria.

Kilichoshindwa ni kufunga mabadiliko manne katika furushi moja: umoja, chanzo cha asili, desimali na majina. Umoja ulidaiwa na wananchi. Desimali ilikuwa na faida iliyohitaji kizazi ili ionekane. Majina yangeweza kungoja, kama Uholanzi ilivyoonyesha, ilimradi jina moja lisibebe uzito wa aina mbili kwa wakati mmoja. Saa ilipoongezwa, mkono wa serikali ulifika mahali ambapo hakuna aliyekuwa ameumia.

Athari ya Ufaransa nje ilifuata majeshi na baadaye makoloni, si hoja peke yake. Ubelgiji ilirithi mita, na kupitia kwayo Kongo, Rwanda na Burundi zikapima kwa kilo wakati Tanganyika, Kenya na Uganda chini ya Mwingereza zilipima kwa ratili na futi. Mfanyabiashara wa Kigoma na mwenzake wa Bujumbura, ziwa moja na lugha moja sokoni, walikuwa na mizani mbili.

Limebaki suala la chanzo cha asili, lililogharimu miaka saba. Robo ya meridiani ni kilomita 10,002 hivi, kwa hiyo fimbo ya 1799 ni fupi kwa milimita 0.2. Sababu kubwa si kosa lililofichwa na Méchain. Ni kwamba walikadiria ubapa wa dunia, yaani kiasi inavyobonyea kwenye ncha zake, kuwa sehemu moja ya 334, wakati ni kama moja ya 298. Mita ya muda ya 1793, iliyotokana na karatasi za zamani, ilizidi lengo kwa milimita 0.13 tu: ilikuwa karibu zaidi na dunia kuliko ile iliyochukua nafasi yake.

Tume ya kimataifa ilipokutana Paris mwaka 1872, ilijua kwamba fimbo hailingani na dunia. Iliamua kutopima dunia tena. Mita mpya, ya platini asilimia 90 na iridi 10, ingenakiliwa kutoka fimbo ya Hifadhi kama ilivyo. Tarehe 20 Mei 1875 nchi 17 zilitia saini mkataba juu ya kipimo ambacho sifa yake pekee iliyobaki ni kwamba kila mmoja anacho kile kile.